Mkoba wa kwanza wa jina kubwa: Le Pliage, Coach ya zamani au Louis Vuitton?

Neverfull ya Louis Vuitton si ya ngozi. Nimeanza hapo kwa makusudi, maana ndiyo inayoulizwa sana na wadada wanaopata mshahara wao wa kwanza wa maana, na wengi wakiambiwa hivyo hununa. Ile kahawia yenye herufi LV na vimaua ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki. Ngozi iko kwenye mikono, kwenye ukanda wa ukingoni na kwenye vijipande vya pembeni, basi. Mchoro wenyewe ulibuniwa mwaka 1896 na Georges Vuitton, mtoto wa mwanzilishi, kwa nia ya kuwakomesha watu waliokuwa wakiiga masanduku yao ya safari. Nenda Kariakoo leo, Mtaa wa Kongo, ukajionee walivyokomeshwa.

Sisemi mkoba ni mbaya, na ile turubai nitakuja kuisifu. Nasema tu kwamba mtu anayetoa zaidi ya dola 2,000 ana haki ya kujua pesa yake imeingia kwenye nini.

Kilichonisukuma kuandika ni mdogo wangu wa Arusha, mtoto wa mama mdogo. Alinitumia picha tatu usiku: "Dada, zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa imefika, nimepokea. Nianze na upi?" Picha zenyewe zilikuwa Neverfull, Coach ya begani na Le Pliage ya Longchamp. Le Pliage ninayo mwenyewe, na Coach pia ninayo, ingawa yangu ni ya zamani. Ya Vuitton huwa naazima kwa shangazi, ingawa yake ni ya aina nyingine, Speedy, aliyoletewa na mumewe kutoka Dubai. Hapa nimeweka niliyomjibu, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Ushauri mwingi wa mikoba unaousikia umetoka kwa watu wanaoishi kwenye nchi za baridi kavu. Mdogo wangu yuko Arusha, angalau kuna ubaridi, lakini ndani ya mwaka anahamishiwa Dar, na Dar ina unyevu. Unyevu huu ndio unaopaswa kukuchagulia mkoba kabla hata hujaanza kutazama majina. Pale ofisini mwenzangu alinunua mkoba kwenye butiki moja, jina silitaji, una kibati cha dhahabu mbele na bei ya kibati. Aliuvaa kwenye send-off mbili, akaufunga kwenye mfuko wa plastiki, akauweka juu ya kabati. Masika ya pili ilipoisha akautoa ukiwa unabanduka vipande vipande kama samaki anayeparwa magamba. Hakuutumia, ndiyo maana alishangaa. Lakini reksini ya aina ile, ile wanayoiita PU, haihitaji kutumiwa ili ife. Tabaka lake la juu ni polyurethane, na mvuke wa maji ulio hewani unalivunja taratibu hata likiwa kabatini. Kuufungia kwenye plastiki ndiyo kabisa, ameutengea joto na unyevu pamoja.

Kwa hiyo swali la kwanza si "wa nani?" bali "wa nini?" Wauzaji hawalipendi. Utaambiwa "ngozi hiyo dada, orijino", halafu kijana anatoa kiberiti cha gesi anapitisha moto juu ya mkoba kukuonyesha kwamba hauungui. Mchezo huo hauthibitishi kitu. Moto ukipita haraka hata reksini nzuri inauvumilia, na kama kweli ni ngozi, kakuharibia mkoba wako kabla hujaulipia. Mimi huwa namwomba aache, nageuza mkoba, natafuta mahali ambapo ngozi imekatwa: ncha ya mkanda, ndani ya tundu la bizimu, chini ya mfuniko. Ngozi halisi ikikatwa inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana. Reksini inaonyesha kitambaa kilichopakwa utando. Kisha nabonyeza kwa kidole gumba: ngozi inajikunja mikunjo midogo isiyolingana na inarudi polepole.

Muhuri wa "Genuine Leather" usikubabaishe. Unasema kuna ngozi humo, hausemi ni ngozi gani. Ngozi ya ng'ombe ni nene, hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu lenye vinyweleo ndilo imara na ndilo linalozeeka vizuri. La chini ni dhaifu, mara nyingi hupakwa plastiki na kugongwa mchoro ili lifanane na la juu, na muhuri hupata yote mawili. Kuna hata ile ya vumbi na mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ambayo ikianza kupasuka hakuna fundi wa kuishika.

Baada ya hapo ni zipu. Fungua na ufunge kwa mkono mmoja, mkoba ukiwa umening'inia, kama utakavyofanya ukiwa umesimama kwenye basi. Ikigoma dukani, nyumbani itagoma zaidi. Ukiona YKK ya Wajapani, Riri ya Uswisi au Lampo ya Italia ni dalili njema, ila isiwe ushahidi wako wa mwisho. Zipu nzuri hununuliwa hata na anayetengeneza feki. Mishono itazame pale mkono wa mkoba unapoungana na mwili, maana uzito wote uko hapo. Kama pameshikwa na gundi na mshono mmoja wa kuzugia, rudisha. Vyuma vipime mkononi: shaba ni nzito na ya baridi, na ikichubuka inabaki na rangi yake ileile. Chuma chepesi kilichopakwa dhahabu kikichubuka kinatoa kijivu, na kwa jasho la Desemba hakichukui muda.

Sasa mikoba yenyewe.

Le Pliage ndiyo niliyomwambia aanze nayo, na najua ilimvunja moyo kidogo kwa sababu haina kishindo. Ni mfuko wa nailoni, mfuniko wa ngozi, mikono miwili ya ngozi, zipu juu, kifungo cha kubana, mwisho. Longchamp ni kampuni ya familia ya Cassegrain ya Paris, ilianza mwaka 1948 kwa kuvisha ngozi viko vya kuvutia tumbaku, na huu mkoba aliubuni Philippe Cassegrain mwaka 1993 akifikiria sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Kweli unakunjika: unaurudia mara tatu, unabana kifungo, unakuwa na ukubwa wa kitabu kidogo. Mimi natoka Kimara kwa basi la mwendokasi mpaka Posta, ambako nashughulikia nyaraka za forodha kwenye kampuni ya kugomboa mizigo, na ndani nabeba laptopu, chupa ya maji, kandambili, hotpoti la chakula, kitenge na faili za watu. Mkoba wenyewe hauna uzito wa kusema, kwa hiyo bega linabeba mizigo tu. Mvua ikinikuta kituoni napangusa kwa leso. Watu wakisukumana, zipu imefungwa na mkoba uko kwapani. Kwa mkazi wa mji huu sioni cha kushindana nao.

Mapungufu yake yanajulikana na kila anayeuvaa. Pembe nne za chini, nailoni inapokunjwa, ndizo hulika kwanza na kutoboka, hasa kwa mtu anayeburuza mkoba sakafuni chini ya meza. Ndani hauna vyumba, kuna kimfuko kimoja kidogo tu, ukidondosha funguo utazitafuta mpaka uchoke. Hausimami wenyewe, ukiuweka mezani unalala kifudifudi, na kwa mtu anayetaka mkoba ukae wima kwenye picha ya harusi, huu si wake. Nchi iliyoandikwa ndani isikutishe: kuna zinazoshonwa Ufaransa na kuna zinazoshonwa nje ya Ufaransa, na zote ni halali. Kinachonifanya nicheke ni ngozi ya mfuniko wa kopi za Kariakoo: ngumu kama kifuniko cha daftari, na yule farasi wa nembo amegongwa juujuu hata jokii haonekani. Kwenye halisi, farasi na mpandaji wake wameingia ndani ya ngozi, unawasikia kwa kidole.

Bei, na hapa ndipo nilipombana mdogo wangu. Le Pliage ya ukubwa wa kati huko Ufaransa ni yuro mia na ushee. Kwa kubadilisha kwa leo unazungumzia laki tatu na nusu mpaka nne. Kopi ya Neverfull wanayoiita "mirror", ile ya kutoka Guangzhou yenye boksi, mfuko wa vumbi na risiti ya kubuni, hapa Dar nimetajiwa laki tatu na kitu. Yaani kwa pesa ya uongo wa hali ya juu unapata ukweli wa hali ya kawaida. Sina la kuongeza kwenye hilo, isipokuwa kwamba bidhaa bandia ni kosa kisheria: Tume ya Ushindani inazikamata na kuziteketeza hapa Tanzania, na Kenya wana mamlaka yao ya kupambana nazo. Mkoba wako ukiwa begani hakuna atakayekuvua. Anayeingiza kontena ndiye anayeumia, nimewaona.

Kama una mtu anayepita Paris, mwambie anunue bidhaa zenye jumla ya zaidi ya yuro 100 kwenye duka moja, aonyeshe pasipoti aombe karatasi ya kurudishiwa kodi, na uwanja wa ndege aipitishe kwenye mashine za forodha ziitwazo PABLO kabla ya kukabidhi mizigo. Anaeishi nje ya Ulaya anarudishiwa sehemu ya VAT. Wengi hawajui, au wanakumbuka wakiwa wameshakaa kwenye ndege.

Lakini kuagiza kwa kurushiwa na kampuni ya vifurushi ni hesabu nyingine, na hii ndiyo kazi yangu kwa hiyo niamini. Bidhaa za ngozi kutoka nje ya Afrika Mashariki ziliingizwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35 mwaka 2022. Chukua mkoba wa ngozi ambao thamani yake pamoja na nauli na bima ni dola 300. Ushuru ni dola 105. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 300, inapigwa kwenye 405, ni karibu dola 73. Umefika 478 na tozo ndogondogo bado. Wadada wanakuja ofisini wanalia kwamba wameibiwa. Hawajaibiwa, hawakupiga hesabu.

Coach ndiyo niliyoipenda mimi binafsi, lakini si ile aliyonitumia picha. Coach ilianza New York mwaka 1941, karakana ndogo ya kifamilia, na sifa yao ilikuwa ngozi nene laini waliyoipata kwa kuchunguza glavu ya mpira wa besiboli, jinsi inavyolainika kadiri inavyopigwa. Miaka ya 1960 wakamchukua mbunifu Bonnie Cashin, aliyewaletea lile kufuli la kuzungusha, wazo alilolitoa kwenye paa la gari la kukunja. Yangu ni nyeusi, ya begani, ya enzi ambazo walikuwa hawaweki bitana: ukiifungua unaona upande wa nyuma wa ngozi yenyewe, na maandishi ya kampuni yamegongwa kwenye kipande cha ngozi na namba yake. Vyuma vya shaba. Niliipata sokoni Karume kwa mama mmoja anayefungua belo za mikoba, ananijua, akiona kitu kizito ananiwekea pembeni. Nililipa pesa ambayo nikiitaja mtanichukia.

Kwa mtu anayeanza, mtumba wa aina hii ni chuo. Ngozi isiyo na bitana haiwezi kukuficha kitu: ubora wake unauona ndani na nje, unanusa, unashika. Nilipeleka kwa fundi viatu, akarudishia mshono wa mkanda kwa uzi wa nta, nikaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, nikaipaka mafuta ya ngozi kidogo, si ya nazi tafadhali, ya nazi yanavunda. Imekaa vizuri kuliko mikoba mipya ya wenzangu. Inatisha tu kwa uzito, na ikinyeshewa inabidi uiache ikauke kivulini, usithubutu kuianika juani.

Coach mpya ni suala la kufungua macho. Kampuni ina maduka ya kawaida na ina maduka ya bei nafuu, na sehemu kubwa ya mikoba ya huko kwenye bei nafuu hutengenezwa mahsusi kwa ajili ya maduka hayo. Haikuwahi kukaa kwenye duka la kawaida ikashushwa bei. Ni halisi, si feki. Ila ngozi na vyuma vyake mara nyingi vimepunguzwa ili bei ishuke. Kwa hiyo ndugu yako wa Marekani akikutumia picha yenye "punguzo la asilimia 60", asilimia 60 ya nini? Mwambie ageuze mkoba, apige picha zipu, kingo na ndani. Ile picha ya mdogo wangu ilikuwa hivyohivyo, turubai ya plastiki yenye herufi C, na kwa bei ile nikamwambia aache.

Sasa Speedy ya shangazi. Mkoba wa mwaka 1930, umbo halijabadilika sana, una zipu juu na kijikufuli. Neverfull ni ya mwaka 2007, iko wazi juu, inabanwa na kindoano kimoja tu. Kwa mtu mwenye gari lake, sawa. Kwa mtu anayegombania mlango wa daladala Ubungo, kubeba mkoba wa dola 2,000 usio na zipu ni kuwakaribisha vibaka kwa maandishi. Mikono yake pia ni myembamba, ukitia laptopu inakata bega.

Nilisema nitaisifu turubai. Kwa unyevu wetu inahimili kuliko ngozi nyingi. Haishiki ukungu kirahisi, mvua inateleza, na ya shangazi ukiitazama mwilini huwezi kukisia umri wake. Mateso yako kwenye ile ngozi nyeupe ya mikono. Haikutiwa rangi wala dawa ya kuikinga, inakuja na rangi ya maziwa na inabadilika kadiri ya jua na mafuta ya mikono mpaka kuwa rangi ya asali. Wazungu wanaipenda hiyo rangi, na mimi pia. Tone la maji likidondoka ikiwa bado mpya linaacha doa. Losheni pia. Hina ambayo haijakauka, usiulize. Shangazi alifunga mikono kwa skafu ndogo za hariri, watu wakadhani ni urembo.

Ukiamua kununua Vuitton iliyotumika, mambo mawili nayasema kila siku. Louis Vuitton haitoi kadi ya uhalisi. Muuzaji akikuonyesha kadi ngumu inayong'aa ya kuthibitisha kwamba mkoba ni wa kweli, kadi hiyo ndiyo imekwambia ni wa uongo. Na zile namba za tarehe zilizokuwa zinagongwa ndani tangu miaka ya 1980 ziliondolewa mwaka 2021, sasa wanaweka chipu ndogo ndani isiyoonekana. Kwa hiyo mtu anayekuuzia mkoba "mpya wa mwaka huu, namba hiyo hapo, angalia" amejifunga mwenyewe. Namba kwenye mkoba wa zamani nayo haitoshi, maana hata feki zinagongwa namba.

Chanel na Hermès siziongelei. Mdogo wangu aliuliza kwa utani kuhusu Birkin, ule mkoba wa Hermès wa mwaka 1984 uliopewa jina la mwimbaji Jane Birkin, na wa kwanza kabisa aliokuwa nao Jane mwenyewe uliuzwa mnada Paris Julai 2025 kwa yuro milioni 8.6. Nikamwambia mchezo wenu una watu wangapi?

Kwa asiye na ndugu Ulaya na hataki mtumba, kuna njia ambayo wanunuzi wa majina hawaitazami. Sandstorm ya Nairobi inashona mikoba ya turubai nzito na ngozi, ya kazi na ya safari. Haina herufi za kutambulikana ukiwa upande wa pili wa barabara, na kwangu hiyo ni nusu ya uzuri wake. Kiforodha pia, kitu kilichotengenezwa Kenya kikija na cheti cha uasilia cha Afrika Mashariki hakitozwi ile asilimia 35, inabaki VAT. Ukienda Nairobi na mfuko mmoja mtupu umejipanga.

Mdogo wangu ameshaagiza Le Pliage kwa dada yangu aliye Lyon, anayekuja likizo mwezi ujao. Tumebishana rangi tu. Alitaka ya krimu. Nimemwambia nyeusi au bluu ya giza, na ile yenye mikono mirefu ya kuingia begani, kwa sababu ya mikono mifupi utaishikilia kiganjani na mwendokasi inataka mkono mmoja uwe kwenye bomba. Akifika Dar asiifunge kwenye plastiki: aijaze kanga kuukuu iliyofuliwa, aiweke mahali penye hewa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu asivitupe.